Bustani ya Mungu na vyungu vya ng'ambo

*Okidi za Kitulo na vilele jirani hazina pa kukimbilia. Hifadhi ya Taifa ipo tangu mwaka 2005, lakini vilima vingi vinavyoota maua hayo viko nje ya mpaka wake, na soko la viazi vyake liko nje ya nchi.*

Okidi ya ardhini inayochimbuliwa Kitulo wakati wa maua hutoka na viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka uliopita: kimesinyaa, kimegeuka kahawia, akiba yake yote imeliwa na shina na ua linaloonekana juu. Cha pili ni kigumu na kimejaa, kikikatwa ndani ni cheupe. Hicho ndicho mmea wa mwakani, na hicho ndicho mchimbaji anachokitafuta.

Kikishang'olewa, safari ya mmea huo imekwisha. Shina hunyauka kabla mbegu hazijakomaa, na kiazi ambacho kingechipua mvua zijazo kimeshaingia kwenye ndoo. Kutoka hapo huanikwa, hujazwa kwenye gunia, husafirishwa hadi mpakani Tunduma, huvuka kwenda Nakonde na kuishia kwenye vyungu vya Zambia, kikipikwa chakula kiitwacho chikanda.

Biashara hiyo si ya vikapu viwili vitatu. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la uhifadhi la Oryx, ulikadiria kwamba kila mwaka viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vya okidi kutoka Tanzania vilikuwa vikiliwa Zambia. Watafiti hao waliona kuwa hadi spishi 85 zilikuwa katika hatari kutokana na uchimbaji huo.

Kisiwa kisicho na bahari

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ukizungukwa na safu za Kipengere, Poroto na Livingstone. Kilele cha Mtorwi, chenye mita 2,961, ni miongoni mwa sehemu za juu kabisa za Nyanda za Juu Kusini. Udongo wa uwanda unatokana na volkano, mvua ni nyingi, na kati ya Juni na Agosti usiku huweza kuleta baridi ya kugandisha umande.

Mimea iliyozoea hali hiyo haiwezi kushuka. Chini yake kuna joto la bonde la Usangu upande wa kaskazini, na upande wa kusini ardhi inaporomoka kuelekea Ziwa Nyasa. Ukivuka bonde hadi kilele kingine, mimea ya jamii ileile huonekana tena, lakini mara nyingi si spishi zilezile. Kwa mmea wa baridi, joto la bondeni ni kizuizi sawa na maji ya bahari.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa mimea huhesabu vilele hivi kama visiwa. Rungwe ni kimoja, Poroto kingine, Umalila kingine, na ukienda mashariki kuna Kipengere, nyanda za Mufindi na safu ya Udzungwa upande wa Iringa. Kila kimoja kimekaa peke yake kwa muda mrefu, kikatunza mimea yake.

Visiwa halisi vya baharini vina mfano wake hapahapa Tanzania. Mpapindi, mnazi-pori wa msitu wa Ngezi, hauoti kwa asili popote duniani isipokuwa Pemba, na ndugu zake wa karibu wako Madagaska. Kitulo nayo ina mgeni wa namna hiyo: okidi ndogo iitwayo Pterygodium ukingense, iliyopewa jina la eneo la Ukinga. Jenasi yake nzima ni ya Afrika Kusini. Spishi hii moja tu ndiyo iliyobaki huku, kusini mwa Tanzania, maelfu ya kilomita kutoka kwa wenzake.

Mmea wa aina hii ukitoweka wilayani Makete hautapatikana kwa kuagiza kutoka mkoa mwingine.

> *"Kwa mmea wa baridi, joto la bondeni ni kizuizi sawa na maji ya bahari."*

Kutoka ngano hadi hifadhi

Wenyeji wameuita uwanda huo Bustani ya Mungu tangu zamani. Waingereza waliuita Elton, kwa jina la James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita huko mwaka 1877 na kufariki mwishoni mwa mwaka huohuo akiwa njiani kuelekea pwani.

Katika miaka ya 1960 uwanda ulionekana kwa macho ya kilimo. Kondoo waliletwa, baadaye ng'ombe wa maziwa, na trekta zikalima ngano kwenye nyasi ambazo hazikuwahi kuguswa na jembe. Ngano haikudumu, lakini shamba la mifugo la Kitulo lipo hadi leo, likipakana na hifadhi. Palipopita plau, okidi zilirudi kwa shida, na mahali pengine hazikurudi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society walianza kufuatilia kwa karibu mimea na wanyama wa nyanda hizi. Taarifa zao kuhusu viazi vya okidi zilichangia uamuzi wa Serikali wa kulinda uwanda. Rais Benjamin Mkapa alitangaza nia hiyo mwaka 2002, na Hifadhi ya Taifa Kitulo ikaanzishwa rasmi mwaka 2005 ikiwa na kilomita za mraba 412.9. Ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Mwaka huohuo wa 2005 dunia ilitangaziwa kipunji, kima mpya kwa sayansi aliyeonekana katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na pia Ndundulu katika Udzungwa. Kipunji alipata picha za ukurasa wa kwanza. Okidi hazikupata, ingawa ndizo zilizosababisha hifadhi kuwepo.

Hesabu zinazotumiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) ni za spishi 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi za ardhini. Pamoja nazo kuna lobelia, jamii za aloi, proteya na maua ya jamii ya yungiyungi. Uwanda pia ni mazalia ya mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayehitaji nyasi za milimani.

Mipaka ya utawala nayo imebadilika. Wilaya ya Makete, yenye sehemu kubwa ya uwanda, ilikuwa mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipopata mkoa wake mwaka 2012. Tunduma, lango la biashara, ilitoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016 ulipoundwa mkoa wa Songwe. Kwa hiyo gunia moja la viazi vya okidi kutoka Makete hadi mpakani leo hupita katika mikoa mitatu, kila mmoja na maofisa wake wa maliasili.

Chikanda inavyopikwa

Chikanda ni chakula cha heshima kwa Wabemba na jamii nyingine za kaskazini mwa Zambia. Viazi vikavu hutwangwa kuwa unga. Karanga nazo hutwangwa, kisha hutiwa kwenye maji yanayochemka pamoja na chumvi na pilipili. Unga wa okidi huongezwa kidogokidogo na magadi, huku mwiko ukizunguka hadi mchanganyiko unavutika na kukataa kuachia sufuria. Wapishi wa kizamani hufunika chungu na kuweka makaa juu ya kifuniko ili kikauke pande zote mbili.

Kikipoa hukatwa vipande vyenye rangi ya kahawia, laini na vyenye ladha ya karanga. Wazambia wengine hukiita polony (soseji) ya Kiafrika. Zamani kilikuwa chakula cha sherehe na cha vijijini. Siku hizi kinauzwa mitaani na kwenye maduka makubwa ya mijini, na kimekuwa kitafunwa cha wafanyakazi wa ofisini.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mahitaji ya miji yalipanda, okidi za Zambia zikapungua, na wanunuzi wakageukia upande wa pili wa mpaka. Tanzania ilikuwa na vilima vilivyojaa Disa, Satyrium na Habenaria, jenasi tatu zenye viazi vinavyofaa, na ilikuwa na barabara kuu na reli ya TAZARA inayopita Makambako, Mbeya na Tunduma.

Hali hiyo si ya Afrika peke yake. Uturuki hutengeneza kinywaji na aiskrimu kwa unga wa viazi vya okidi uitwao salep. Okidi za mwituni zilipopungua na usafirishaji wa salep nje kupigwa marufuku, wafanyabiashara walivuka hadi Iran. Katika visa vyote viwili mlaji hajui mmea umetoka wapi, na anayeubeba mzigo wa kupungua kwake ni nchi jirani.

Kwa nini okidi haistahimili uchimbaji

Mkulima wa viazi mviringo wa Makete anaweza kuuliza kwa haki: viazi vyake huvunwa kila msimu na hurudi, kwa nini okidi isirudi?

Jibu liko kwenye mbegu. Tumba moja la okidi huweza kubeba mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, zinazopeperushwa na upepo. Lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula ndani yake. Haichipui mpaka ikutane na kuvu wa aina maalumu aliye kwenye udongo, anayeilisha katika hatua za mwanzo. Kuvu huyo asipokuwepo, mbegu hufa. Udongo uliolimwa mara kwa mara au kupandwa miti ya kigeni huweza kumpoteza.

Ikishaota, huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Na uchimbaji hufanyika wakati wa maua, kwa sababu ndipo mmea unapoonekana kwenye nyasi. Mmea mkubwa wenye ua zuri ndio wenye kiazi kikubwa, hivyo ndio unaong'olewa kwanza, na pamoja nao mbegu za mwaka ule.

Kuna jambo lingine ambalo wahifadhi wamelielewa polepole. Okidi nyingi za nyasi zinahitaji nyasi zisizozidi kurefuka. Baadhi huchanua vizuri zaidi baada ya moto mwepesi wa mapema wa kiangazi, ilhali moto mkali wa mwishoni mwa kiangazi huunguza hata machipukizi. Kuzuia kila moto na kila mnyama wa malisho kwa jina la ulinzi kunaweza kuziziba okidi kwa nyasi nzito. Hifadhi ya maua inahitaji mtunzaji kuliko mlinzi, na hilo halijafahamika sana nje ya duara la wataalamu.

> *"Mmea mkubwa wenye ua zuri ndio wenye kiazi kikubwa, hivyo ndio unaong'olewa kwanza."*

Upande wa wachimbaji

Kuchimba okidi hakuhitaji mtaji. Jembe, ndoo na asubuhi moja ya mvua vinatosha. Maua hutoka zaidi kati ya Desemba na Aprili, miezi ambayo mazao ya msimu bado yako shambani na akiba ya nyumbani imepungua. Mnunuzi anapofika kijijini na fedha taslimu, hana haja ya kumshawishi mtu.

Kwa familia nyingi hiyo ni fedha ya daftari, ya sare au ya dawa. Faida kubwa hubaki kwa mlanguzi anayekusanya na kuvusha, lakini mwenye jembe ndiye anayekamatwa akionekana ndani ya mpaka wa hifadhi. Wenyeji waliozoea kuchunga, kukata nyasi na kupita njia zao uwandani kabla ya 2005 pia waliona milango ikifungwa, na malalamiko hayo ni ya kweli hata kwa anayeunga mkono hifadhi.

Ahadi kubwa ilikuwa utalii. Njia ya kupanda kutoka Chimala hadi Matamba, yenye kona zilizoipa jina la Hamsini na Saba, ni miongoni mwa barabara za kupendeza nchini. Lakini maua huchanua wakati mvua zimeloanisha njia, na gari lisilo la magurudumu manne huteseka. Mtalii wa kigeni anayekuja Tanzania hutafuta simba kwanza. Mradi wa REGROW uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kukuza utalii wa kusini uliweka nguvu Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Kitulo haikuwamo katika orodha hiyo.

Hivyo mwanakijiji wa Matamba aliyeambiwa kuwa maua yatamlipa yakiwa hai bado ana haki ya kuuliza malipo hayo yako wapi.

Upande wa sheria

Kisheria hakuna utata mkubwa. Kuchukua mmea ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa. Okidi zote duniani zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na kuvusha viazi vyake mpakani kunahitaji kibali. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1979, Zambia mwaka 1980.

Utata uko mpakani. Kiazi kikavu cha okidi kikiwa ndani ya gunia, kikichanganywa na mazao mengine, hakimwambii ofisa wa forodha jina lake. Ua, ambalo lingekitambulisha, limeachwa kilimani. Kikishasagwa kuwa unga, hata mtaalamu wa mimea hawezi kukitambua kwa macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden wamekwisha kutumia vipimo vya vinasaba kutambua spishi zilizomo ndani ya chikanda, lakini kipimo cha maabara hakisaidii pale ambapo ofisa ana dakika chache na msururu wa malori nyuma yake. Tunduma ni moja ya vituo vya mpakani vyenye shughuli nyingi zaidi nchini. Shaba inashuka, mafuta na bidhaa vinapanda, na gunia la viazi vikavu halivuti jicho la mtu.

Nje ya hifadhi za taifa sheria inalegea zaidi. Ardhi ya kijiji iko chini ya serikali ya kijiji, na okidi inayoota kwenye malisho ya kijiji haina mwenyewe mpaka mnunuzi atokee. Sheria ndogo zinaweza kutungwa. Palipo na mwenyekiti na kamati ya mazingira wenye nia, kilima hulindwa. Pasipo nao, uchimbaji huendelea mchana kweupe.

Misindano juu ya nyasi

Wachimbaji wakisimama leo, bado kuna adui wa pili, naye ana sifa nzuri machoni pa watu. Ni upandaji miti.

Tangu shamba la miti la Sao Hill lilipostawi Mufindi, misindano na mikaratusi imekuwa benki ya wakazi wa Iringa na Njombe. Mwenye ekari mbili za misindano ana ada ya chuo ya mtoto. Bei ya mbao na nguzo za umeme imewafanya watu wa mijini nao kununua vilima vijijini na kuvipanda. Hakuna ubaya katika hilo kama mti umewekwa kwenye shamba lililochoka. Ubaya unakuja pale kilima cha nyasi za asili kinapohesabiwa kuwa pori tupu linalosubiri kutumiwa.

Nyasi za milimani si msitu uliokatwa. Zimekuwepo kwa maelfu ya miaka na zina mimea ambayo haiwezi kuota chini ya kivuli. Misindano ikifunga kivuli, okidi hufa kabla ya mavuno ya kwanza. Pia vijito vinavyoanzia kwenye nyasi hizo huingia Ruaha Mkuu, mto unaomwagilia mpunga wa Usangu na kujaza mabwawa ya Mtera na Kidatu. Viazi mviringo na pareto vimepanda vilima kwa namna hiyohiyo, vikila nyasi kutoka chini, huku misindano ikishuka kutoka juu.

Joto linaloongezeka linafunga mlango wa mwisho. Mmea wa bondeni ukipata joto unaweza kusogea mita mia moja juu. Mmea wa Mtorwi ulio kwenye mita 2,900 hauna mita mia nyingine.

Kihansi ilivyotangulia

Iringa ina kisa cha karibu kinachoonyesha gharama ya kuchelewa. Katika korongo la mto Kihansi, kwenye ukingo wa Udzungwa mpakani mwa Iringa na Morogoro, maporomoko yalikuwa yakinyunyiza ukungu wa maji kwenye miamba usiku na mchana. Chura wa Kihansi aliishi kwenye ukungu huo pekee. Humo pia uligunduliwa mbuni wa mwituni, mmea wa jamii ya kahawa uitwao Coffea kihansiensis, uliotangazwa kwa sayansi mwaka 2004 kutoka korongo hilo.

Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa kuingia kwenye handaki. Ukungu ulikauka. Mabomba ya kunyunyiza yaliwekwa, lakini chura huyo alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Alirudishwa kuanzia mwaka 2012 kwa sababu tu wenzake wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 na kuzalishwa kwenye bustani za wanyama.

Mbuni wa Kihansi na okidi za Kitulo hazina bima ya kiwango hicho. Gharama ya kunyunyizia korongo moja maji ya bomba mwaka baada ya mwaka ni kubwa kuliko gharama ya kuliacha kama lilivyokuwa. Hilo lilijulikana baada ya mtambo kujengwa.

Kinachowezekana

Mapendekezo yaliyo mezani hayalingani uzito.

La kwanza ni kuotesha okidi shambani ili soko lipate viazi bila kugusa kilima. Bustani ya mimea ya Kew ya Uingereza imefanya kazi hiyo na Chuo Kikuu cha Copperbelt nchini Zambia. Ni wazo zuri, lakini kuotesha mbegu isiyochipua bila kuvu wake ni kazi ya maabara, na kiazi kinachochukua miaka kukua hakiwezi kushindana kwa bei na kile kinachochimbwa bure. Likifanikiwa litasaidia baada ya miaka mingi. Si jibu la msimu ujao.

La pili ni benki ya mbegu. Mbegu za okidi hukaushwa na kugandishwa, na Tanzania ina benki ya taifa ya mbegu za mimea Arusha. Hiyo ni bima ya bei nafuu, na spishi za eneo dogo kama Pterygodium ukingense zinastahili kutangulia. Lakini mbegu iliyo kwenye friji bila nyasi na kuvu wa kurudia ni kumbukumbu tu.

La tatu ni mpakani. Maofisa wa Tunduma na Nakonde wakipewa mafunzo mafupi na sampuli za viazi vikavu, na nchi mbili zikikubali kutumia vibali ambavyo tayari zimejifunga kuvitumia, mlanguzi mkubwa atapata taabu. Huyo ndiye wa kubanwa, kwa sababu mchimbaji mmoja akikamatwa Makete, nafasi yake hujazwa wiki hiyohiyo.

La nne ndilo zito na ndilo linalozungumzwa kidogo: vilima vilivyo nje ya hifadhi. Kitulo ni kisiwa kimoja tu kati ya vingi. Umalila, Poroto na malisho ya vijiji vya Makete na Mufindi vina maua yasiyo na bango la TANAPA. Vijiji vina mamlaka ya kupanga matumizi bora ya ardhi, na katika mpango huo kilima cha nyasi kinaweza kuandikwa malisho ya kudumu, pasipandwe miti wala kulimwa. Kijiji kinachofanya hivyo kinapoteza kodi ya mwekezaji wa misindano, kwa hiyo lazima kipate kitu badala yake: fungu la mapato ya hifadhi, au malipo kutoka kwa watumiaji wa maji ya Ruaha walio chini. Bila hilo, kuwataka wanakijiji walinde maua kwa hisani ni kuwatwisha mzigo wa taifa zima.

Wizara ya Maliasili na Utalii, halmashauri za Makete, Mbeya na Mufindi, na vijiji vyenyewe wanaweza kuanza na kazi ndogo isiyosubiri mfadhili: kuorodhesha vilima vya nyasi za asili vilivyobaki, kimoja kimoja, na kuviingiza kwenye mipango ya ardhi ya vijiji. Kazi hiyo ifanywe kati ya Januari na Machi, maua yakiwa wazi na kila spishi ikitambulika, kabla wanunuzi wa viazi na wanunuzi wa ardhi hawajavimaliza.